Nyumba za kale katikati ya Tanga: sheria ndogo ya hifadhi ianzie wapi?

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi katikati ya jiji la Tanga katika nyumba ya urithi yenye baraza la nguzo linalofunika njia ya waendao kwa miguu. Katika mtaa wetu nyumba mbili za namna hii zimekwisha kuvunjwa, na mahali pake pamesimama majengo ya vioo. Nasikia wenzetu wa Bagamoyo wana eneo la hifadhi. Je, halmashauri ya jiji letu inaweza kutunga kanuni za kuulinda mtaa mzima, badala ya jengo moja moja? Nani ataamua kinachoruhusiwa? Na mimi ambaye paa langu linavuja, nitazuiwa kulitengeneza?"

Shikamoo Mwalimu. Halmashauri ya Jiji inao uwezo wa kutunga kanuni za kuulinda mtaa mzima, na kanuni hizo zikiandikwa kwa uangalifu hazitakuzuia kuziba paa linalovuja. Zikiandikwa kwa pupa zitakuzuia, na nyumba yako itakufa kwa mvua huku sheria imesimama mlangoni. Kwa sababu hiyo sitaishia kukuambia kwamba jambo linawezekana. Nitaeleza linavyofanyika, na mahali ambapo kwa maoni yangu kazi ya namna hii huharibika.

Nianze na jambo ambalo wengi hulikosea. Mtu akiona nyumba ya zamani hudhani kwamba ukale wake peke yake unatosha kuilinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hulilinda jengo bila tangazo lolote pale tu lilipojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo lililokuja baada ya hapo, hata likiwa zuri na lenye historia nzito kiasi gani, halipati ulinzi huo mpaka Waziri mwenye dhamana alitangaze katika Gazeti la Serikali. Sasa utazame mji wako. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, pamoja na mkonge ulioingizwa nchini mwaka huohuo, ndivyo vilivyoleta maghala, maduka, ofisi na nyumba za ghorofa zenye mabaraza unazozizungumzia. Karibu mji wote wa katikati umezaliwa baada ya ule mwaka wa 1863. Kwa hiyo mwenye nyumba ya jirani alipoivunja, huenda hakuvunja sheria yoyote ya mambo ya kale, na kumlaumu yeye hakutatusaidia. Lililokosekana ni kanuni.

Bagamoyo ilikabiliwa na tatizo lilelile. Ngome Kongwe yao ilijengwa mwaka 1860, hivyo imo ndani ya ule mstari wa 1863. Lakini Forodha ya mwaka 1895 na Boma la Wajerumani la mwaka 1897 yako nje ya mstari huo, na nyumba nyingi za wafanyabiashara kando ya Barabara ya India hazina umri wa kujilinda zenyewe. Kama ulinzi ungefuata umri wa jengo moja moja, mji ungebaki na ngome iliyozungukwa na chochote kile. Dawa ilikuwa kutangaza eneo zima, na Mji Mkongwe wa Bagamoyo ukatangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1983. Ndani ya eneo la namna hiyo swali la kwanza hubadilika: haliulizwi tena kama jengo hili lina miaka mingapi, linaulizwa kama lina nafasi gani katika sura ya mtaa. Hilo ndilo badiliko unalolitaka Tanga, Mwalimu, na umelitaja mwenyewe uliposema "mtaa mzima".

Njia za kufika huko ziko tatu, nazo hazipingani. Ya kwanza ni hiyo ya Bagamoyo, yaani tangazo la Waziri chini ya Sheria ya Mambo ya Kale, ambalo lina nguvu ya kitaifa lakini huamuliwa mbali na mtaa. Ya pili ni mipango ya jiji: Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaipa mamlaka ya upangaji uwezo wa kuandaa mpango wa jumla, ambao mijini tumezoea kuuita Mpango Kabambe, na mipango ya kina ya maeneo madogo, inayoweza kuweka matumizi ya viwanja, urefu wa majengo na mstari wa ujenzi. Ya tatu ni sheria ndogo inayotungwa na Baraza la Madiwani. Rasimu hujadiliwa katika kamati, wananchi hutangaziwa na kupewa nafasi ya kuleta maoni na pingamizi, Baraza hupitisha, kisha rasimu hupita kwa Mkuu wa Mkoa na kuidhinishwa na Waziri anayeshughulikia serikali za mitaa kabla ya kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kabla ya tangazo hilo ni karatasi tu, hata ikipigiwa makofi na madiwani wote.

Ushauri wangu ni kwamba mshike njia ya pili na ya tatu kwa pamoja, na ile ya kwanza muiombe kwa majengo machache makubwa yanayostahili ulinzi wa taifa. Sheria ndogo ikisimama peke yake, bila mpango wa kina unaokubaliana nayo, itagombana na michoro ya jiji lenyewe. Mchoro utasema kiwanja kile kinaruhusiwa ghorofa sita, sheria ndogo itasema mbili, na mwekezaji mwenye kibali chake mkononi atashinda mahakamani kwa haki kabisa. Mpango nao ukisimama peke yake utaeleza urefu wa jengo lakini hautasema lolote kuhusu nguzo za baraza, lipu ya ukuta au mlango wa nakshi.

Sasa nije kwenye mpaka, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika mapema. Rasimu huandikwa "eneo la katikati ya jiji na viunga vyake", na maneno hayo hayawezi kumwambia mwenye kiwanja kama yumo au hayumo. Mpaka uchorwe kwenye ramani iliyoambatanishwa na sheria, namba ya kila kiwanja na kitalu iandikwe katika jedwali, na mstari usipite katikati ya barabara. Barabara ikiwa mpaka, upande mmoja wa mtaa utalindwa na wa pili utaachwa, ilhali thamani ya mtaa wenye mabaraza iko katika pande zote mbili na nafasi iliyo kati yake. Nyumba yako, Mwalimu, haina kivuli chake peke yake; kivuli kile ni cha safu nzima, mtu anapotembea kutoka duka hadi duka bila kupigwa na jua wala mvua. Ukiondoa nyumba moja katikati ya safu, umekata njia.

Pia msiogope kuanza na eneo dogo. Mji wa Charleston nchini Marekani, ambao mwaka 1931 ulitunga kanuni ya kwanza nchini humo ya kulinda mtaa wa kihistoria kupitia sheria za upangaji wa mji, ulianza na ekari 138 tu, na baadaye ukapanua. Uliunda pia bodi ya kupitia ramani za ujenzi, nayo ilitazama sura ya nje ya jengo ile inayoonekana kutoka barabarani, bila kuingilia vyumba vya ndani. Mpaka huo wa madaraka naupenda na ningetamani Tanga iuige. Mwenye nyumba akijua kwamba jiko lake, choo chake na sehemu anayolala haviihusu kamati, nusu ya upinzani wake huisha siku hiyohiyo.

Kuna sehemu ya mji ambayo kwa kawaida huachwa nje ya orodha za namna hii, nayo ni Ngamiani. Nasema hili kwa uzito, kwa sababu orodha nyingi za majengo ya kihistoria katika miji ya pwani hujaa boma, forodha, hospitali ya kikoloni na maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi, kana kwamba waliochukua mizigo bandarini na waliofanya kazi relini hawakuwa na mahali pa kuishi. Ngamiani, na barabara zake zinazoitwa kwa namba, ni mpango wa mji kamili wenye nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma. Kuta za nyumba hizo zilijengwa kwa miti na udongo, zikabomolewa na kujengwa upya kwa tofali mara nyingi, kwa hiyo kanuni inayodai "vifaa vya asili" haiwezi kuzilinda. Huko kinachofaa kulindwa ni mpangilio wa viwanja, upana wa barabara, baraza linalotazama njia na ua usiozibwa wote kwa vyumba vya kupangisha. Kama sheria ndogo itatungwa, iwe na maeneo mawili yenye masharti tofauti, na Ngamiani isiandikiwe masharti ya mji wa katikati.

Baada ya mpaka huja orodha. Kila jengo ndani ya eneo lipewe daraja lake, na madaraja matatu yanatosha: majengo yasiyoruhusiwa kuvunjwa, majengo yanayochangia sura ya mtaa ambayo yanaweza kubadilishwa kwa masharti, na majengo yasiyo na uzito wa kihistoria pamoja na viwanja vitupu. Wengi hufikiri daraja la tatu halina haja ya kanuni, lakini hapo ndipo majengo ya vioo huota. Kwa kiwanja kitupu sitaki jengo jipya liige la kale na kujifanya la mwaka 1910, kwa sababu huo ni udanganyifu kwa vizazi vijavyo. Nataka lifuate mstari wa majirani zake, urefu wao, na liendeleze baraza. Mengine yaachiwe msanifu wa zama zake.

Umeuliza nani ataamua. Kwa mujibu wa sheria zetu, kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, nayo Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya madiwani ina kazi nyingi kuliko majengo ya kale. Ningependekeza sheria ndogo iunde kamati ya ushauri ya watu saba hivi: msanifu majengo, mhandisi, afisa mipango miji, mtu wa mambo ya kale au makumbusho, mwanasheria, na wawili wanaoishi ndani ya eneo lenyewe, mmoja kati yao awe mwenye nyumba. Tanga mna bahati ya kuwa na watu walioonyesha kwa vitendo kwamba jengo la kale linaweza kurudishiwa uhai, maana boma la kale leo ni makumbusho ya Urithi. Watu wa namna hiyo wasikose kiti. Kamati ipokee kila ombi linalohusu eneo la hifadhi na itoe maoni kabla ofisi ya vibali haijatia saini. Neno "kabla" liandikwe waziwazi ndani ya sheria. Maoni yanayokuja baada ya kibali hayamzuii mtu aliyekwisha kuleta katapila.

Lakini muundo wa kamati si jambo zito kama kalenda yake. Katika miaka yangu ya kazi nimeona nyumba nyingi zaidi zikiharibiwa na kuchelewa kwa majibu kuliko kwa ubaya wa majibu yenyewe. Mwenye nyumba hupeleka ombi lake mwezi wa kwanza, huambiwa mhusika amesafiri, akidi haikutimia, faili liko ghorofani, na masika yakikaribia huamua kufanya kazi usiku kwa vifaa vya bei rahisi. Huyo simwiti mvunja sheria. Kwa hiyo sheria ndogo itaje siku ambazo kamati hukutana, idadi ya siku za kutoa jibu, wajibu wa kuandika sababu kila inapokataa, na matokeo ya kunyamaza. Mimi ningeandika hivi: kwa kazi za kawaida, siku zikipita bila jibu ombi lihesabiwe limekubaliwa; lakini kwa kuvunja jengo la daraja la kwanza au la pili, kunyamaza kuhesabiwe ni kukataa. Jengo lililorekebishwa vibaya laweza kurekebishwa tena. Lililovunjwa halirudi.

Hapa ndipo paa lako linapoingia. Sheria ndogo ipange kazi katika ngazi. Ngazi ya chini ni matengenezo ya kurudisha kilichokuwapo: kubadilisha bati lililotoboka kwa bati, kuziba nyufa, kupaka rangi kwa rangi zilizotajwa katika mwongozo, kurudishia ubao wa dirisha uliooza. Kwa kazi hizi mwenye nyumba atoe taarifa tu ofisini, apigiwe muhuri siku hiyo au kesho yake, asilipe ada. Ngazi ya kati ni mabadiliko yanayoonekana kutoka barabarani, kama kuweka bango kubwa, kubadili dirisha la mbao kuwa la alumini, kutundika viyoyozi upande wa mbele, kutoboa ukuta ili kupata fremu ya duka. Hizi ziende mbele ya kamati. Ngazi ya juu ni kuvunja, kuongeza ghorofa na kuunganisha viwanja, na hapo wananchi wa mtaa wasikilizwe pia. Sehemu kubwa ya maombi ya kila mwaka itakuwa ya ngazi ya chini, na sheria inayoyapeleka yote mbele ya kamati moja itakufa kwa uzito wake.

Masharti ya vifaa yanahitaji uangalifu wa pekee. Kuta nyingi za miji yetu ya pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari za zamani hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia lipu ya chokaa, ambayo ni laini na ina vinyweleo. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hukosa njia, chumvi ya bahari iliyomo hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu hubanduka ikiwa imeshikilia uso wa jiwe. Vichwa vya boriti vilivyomo ndani ya ukuta huo huoza bila kuonekana, mpaka siku dari inaposhuka. Mimi mwenyewe nimewahi kukosea hapa. Nilipokuwa mgeni katika kazi, nilikubali nyumba moja ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo ipigwe lipu ya saruji kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na haraka na fundi aliniambia chokaa haipatikani. Nilipoirudia baada ya miaka kadhaa, ukuta wa upande wa bahari ulikuwa umevimba na kupasuka kuliko nilivyoukuta mwanzo, na mzee aliyekuwa amekopa fedha za matengenezo yale aliniuliza afanye nini sasa. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika sharti la chokaa bila kuandika pia chokaa itapatikana wapi na nani atawafundisha waashi kuitumia. Halmashauri ikidai kifaa ambacho hakiuzwi mjini, imedai kisichowezekana.

Nyumba za Tanga za kipindi cha baadaye, zenye nguzo na mihimili ya zege, zina ugonjwa mwingine. Hewa ya chumvi huingia katika zege jepesi, nondo hushika kutu, kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Hapo chokaa si dawa. Inahitajika kuondoa zege lililolegea, kusafisha nondo na kulijaza upya, kazi ya mhandisi. Ndiyo maana mwongozo wa matengenezo usiandike kifaa kimoja kwa mji mzima.

Kuna adui ambaye sheria nyingi humsahau, naye ni mirathi isiyogawanywa. Nyumba ya babu ina warithi kumi na wanne, wawili wako Tanga, watano Dar es Salaam, wengine Muskat na Mombasa, na hakuna aliye tayari kutia fedha katika mali ambayo kesho itauzwa. Paa hutoboka, mvua huingia, na baada ya miaka kumi nyumba huanguka yenyewe. Wengine huiacha ianguke kwa makusudi, kwa kuwa kiwanja kitupu huuzika haraka kuliko nyumba yenye masharti. Sheria ndogo isiyogusa jambo hili itakuwa imezuia nyundo na kuiachia mvua kazi ileile. Miji mingi ya Marekani huandika kifungu cha matunzo ya chini kabisa: mwenye jengo lililomo katika eneo la hifadhi lazima alizuie lisiingize maji na lisihatarishe watu, hata kama hana nia ya kulikarabati. Akishindwa baada ya notisi, mamlaka inaweza kufanya kazi ya dharura na kudai gharama baadaye. Kwa Tanga ningeongeza kitu kimoja kabla ya notisi: kila nyumba ya orodha iwe na msimamizi mmoja aliyeandikishwa, atakayepokea barua kwa niaba ya warithi wote. Notisi iliyobandikwa mlangoni mwa nyumba tupu haimfikii mtu. Nyumba za wakfu nazo ziandikishwe hivyohivyo kupitia wasimamizi wake.

Hata hadhi kubwa kuliko zote haizibi paa. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao una sheria zake tofauti na za Tanzania Bara, una mamlaka maalumu ya uhifadhi tangu mwaka 1985 na umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Pamoja na hayo, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 linalojulikana na kila Mswahili, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Jengo lilikuwa katika ukarabati, ambao haukuwahi. Kwa hiyo nawasihi madiwani wenu wasitunge sheria yenye adhabu bila kuweka fungu la fedha, hata kama ni dogo. Uwezo ulio mikononi mwao ni pamoja na kusamehe ada ya kibali kwa matengenezo ya nyumba za orodha, kumlipa mhandisi mmoja awakague wenye nyumba bure mara moja kwa mwaka, na kuweka akiba ya maturubai na miti ya kuegemeza kuta wakati wa dharura.

Utaulizwa mkutanoni kama jambo hili halimnyang'anyi mtu mali yake, na ni swali la haki linalostahili jibu la heshima. Ibara ya 24 ya Katiba yetu inalinda haki ya kumiliki mali na inakataza mtu kunyang'anywa mali yake pasipo idhini ya sheria yenye kuweka masharti ya fidia inayostahili. Kuzuia mtu asivunje nyumba na kumnyang'anya nyumba ni mambo mawili, ila mpaka wake unaweza kusogea masharti yakizidi. Marekani walibishania hilo hadi Mahakama ya Juu mwaka 1978, pale kampuni ya reli iliyomiliki kituo cha Grand Central mjini New York ilipokataziwa kujenga mnara wa ofisi juu yake. Mahakama iliona kwamba kampuni haikunyang'anywa mali, kwa kuwa bado iliweza kukitumia kituo kama ilivyokitumia siku zote na kupata faida ya kutosha, na haki yake ya kujenga juu iliweza kuhamishiwa viwanja vyake vya jirani. Hukumu ya nchi nyingine haiifungi mahakama yetu, lakini kipimo chake ni cha busara: mwenye nyumba abaki na matumizi yenye maana. Kwa hiyo sheria yenu iruhusu nyumba ya makazi iwe duka, mgahawa au nyumba ya wageni, mradi sura ibaki, na iwe na mlango wa rufaa kwa mtu anayethibitisha kwamba masharti yamemfunga kabisa.

Kuhusu adhabu sitasema mengi. Faini za sheria ndogo zina ukomo unaowekwa na sheria mama, na kwa mjenzi mkubwa faini hiyo ni sehemu ndogo ya gharama zake. Nguvu iwekwe katika amri ya kusimamisha kazi na amri ya kurudisha kilichoondolewa. Ningeongeza kifungu kwamba kiwanja ambacho jengo lake la orodha limevunjwa bila kibali kisiruhusiwe jengo refu kuliko lile lililovunjwa. Kifungu hicho kinaondoa faida, na faida ikiondoka wengi hawajaribu.

Kwako wewe na majirani zako, kazi ya mwanzo haihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Andikeni nyumba zote za mtaa wenu, moja baada ya nyingine: namba ya kiwanja, picha ya mbele na ya pembeni, hali ya paa, anayeishi humo, matumizi ya chini na ya juu, na yale ambayo wazee wanayakumbuka kuhusu aliyeijenga. Wanafunzi wako wa zamani watakusaidia. Orodha hiyo ipelekeni kwenye mkutano wa Serikali ya Mtaa, iingizwe katika muhtasari, ipite kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani wenu aifikishe kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira pamoja na ombi moja lililo wazi: mtaa huu utengwe kuwa eneo la hifadhi katika Mpango Kabambe, na mwanasheria wa Jiji aagizwe kuandaa rasimu ya sheria ndogo. Wenye nyumba wakubaliane kwanza. Ombi lenye saini zao lina uzito ambao barua ya mtaalamu kama mimi haiwezi kuwa nao, na pia hakuna atakayeweza kusema kwamba hifadhi imeletwa na watu wa nje.

Paa lako usilisubirishe mpaka sheria hiyo itungwe. Lipige picha kutoka upande wa barabara na kutoka ndani ya dari kabla fundi hajagusa kitu, pima mwinamo wake, na angalia vichwa vya kenchi na boriti mahali vinapoingia ukutani, maana maji yanayokudondokea sebuleni huenda yanaingilia mbali na pale unapoweka ndoo. Rudisha bati kwa bati katika mwinamo uleule, tengeneza mifereji ili maji yasimwagike kwenye msingi, na ufanye kazi hiyo kabla ya masika. Fundi akikushauri aukate upenu wa mbele ili apunguze bati, mkatalie. Upenu huo ndio unaoukinga ukuta wako, na chini yake ndipo mtaa mzima unapopita.